Mashindano ya bao Mombasa: mtoano au makundi? Na nani awe refa?

Binti wa Kibokoni

Assalamu alaikum na habari za jioni, jamaa.

Nina jambo limenikaa rohoni na nataka mawazo yenu. Kikundi chetu cha vijana na akina mama hapa Mji wa Kale kimekubaliana kuandaa mashindano ya bao la Kiswahili baada ya masika kwisha. Tumezoea baraza moja kualika baraza jirani, lakini safari hii tunataka mji mzima: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Mimi ndiye katibu, kwa hivyo ratiba na kanuni zimeniangukia.

Marehemu babangu alikuwa fundi wa bao. Nilikuwa nikikaa kando yake barazani kumhesabia kete kabla sijatiwa chuoni, na mpaka leo nikisikia komwe, zile mbegu tunazozifanya kete, zikigonga ubao husimama njiani nitazame. Kwa hivyo sitaki shughuli hii iwe ya kupiga picha tu.

Mwaka jana nilihudhuria mashindano fulani (ya nani sisemi) nikarudi nyumbani na uchungu. Yalikuwa ya mtoano mtupu, ukifungwa mchezo mmoja wenda zako. Akaja mzee mmoja kutoka Likoni, watu wamemsubiri tangu asubuhi kwa sababu mkono wake unajulikana pwani yote. Feri ikakwama upande wa pili, akafika anahema, akakalishwa ubaoni papo hapo bila hata maji ya kunywa, akafungwa. Basi. Yule mzee akavaa kofia yake akarudi feri, na siku nzima iliyobaki tukatazama wachezaji ambao yeye angewafunga akiwa amefumba macho.

Halafu nusu fainali ikaharibika kabisa. Mchezaji mmoja kete yake ya mwisho iliangukia nyumba (lile shimo maalumu la kila mchezaji), akasema amelala, yaani zamu yake imeishia hapo. Mwenzake akasema la, mkono wako ulishaanza kuichota, umechagua kuendelea. Refa alikuwa mtu wa mtaa mmoja na mmoja wao. Watazamaji wakaingilia, kila mtu na lake, mwisho kete zikamwagwa chini. Fainali haikuchezwa.

Tuna Jumamosi na Jumapili tu, na mabao mazuri tunayoweza kuyapata ni machache. Nifanyeje ili mtu asitoke kwa mchezo mmoja, na bado tumalize Jumapili kabla ya magharibi? Refa nimtoe wapi ambaye mitaa yote sita itamkubali? Nafasi nizigawe vipi, maana Mji wa Kale na Majengo peke yake zina mafundi wa kujaza mashindano, nazo zote ziko Mvita? Na la mwisho, wenzangu wawili kamatini wanataka wanawake wachezee upande wao. Mimi sitaki. Nataka kukaa mbele ya wanaume walewale waliokuwa wakimjia babangu.

Mzee wa Kuze

Waalaikumu salamu mwanangu. Babako nilimjua, Mungu amrehemu. Akikaa kwenye bao hasemi mpaka mchezo uishe.

Mimi nakwambia ratiba ije nyuma, kanuni zije mbele. Kwamba bao lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, hapana anayebisha. Kwamba kila mtu huanza na kete kumi ubaoni, sita kwenye nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na ishirini na mbili mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, hilo pia laeleweka. Ugomvi wote huanzia kwenye nyumba. Mtu ametaji, yaani amepata mtaji wa kula kete za mwenzake, kete ya mwisho yaangukia nyumba yake ambayo bado ina kete sita au zaidi: ana hiari alale au aendelee. Sasa hiari hiyo huonekana vipi? Kwa mdomo au kwa mkono? Baraza yetu sisi ni mkono: vidole vikishagusa kete za nyumba, umeondoka, yaani umechagua kuendelea. Ng'ambo kule nimewaona wasemao ni mpaka uzinyanyue. Zote mbili ni sawa, kosa ni kukaa ubaoni hamjaelewana. Basi andikeni, msomewe wote asubuhi, na kila mtu aseme nimesikia.

Jambo la pili ni mkono wa mbio. Vijana wa sasa humwaga kete kama mtu arushaye mtama kwa kuku, mwenzake haoni zimeanguka wapi. Mwekeeni sharti: ukimwaga, mwenzako aone kila shimo. Na mtu yeyote akishuku, ana haki ya kusimamisha mchezo zihesabiwe. Zikiwa sitini na nne, endeleeni.

Watoto wasiachwe nje. Wapeni bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo tangu mwanzo, hakuna kunamua wala nyumba. Wacheze Jumamosi wakati wakubwa wanapumzika.

Kuhusu wanawake, bibi yangu mzaa mama alikuwa akiwafunga wanaume. Sina zaidi.

Mzaliwa wa Majengo

Dada, mimi ni wa Majengo ila sasa niko Winnipeg, Kanada, nafanya kazi jikoni kwenye klabu ya kelingi. Nimesoma ujumbe wako wakati wa mapumziko, ikabidi niandike, kwa sababu maswali yako yote nayaona yakijibiwa mbele ya macho yangu kila wikendi ya baridi, kupitia dirisha la jikoni.

Nieleze mchezo wenyewe kwanza kwa wasioujua. Ni timu mbili za watu wanne wanne juu ya barafu. Kila timu ina mawe manane, jiwe moja halizidi kilo 20, lina mpini juu. Unalisukuma, linateleza njia ndefu ya mita 45 hivi mpaka kwenye miduara iliyochorwa upande wa pili, na wenzako wawili wanakimbia mbele yake wakifagia barafu ili lipunguze kupinda na lifike mbali zaidi. Mawe yakiisha, aliye karibu zaidi na kitovu ndiye anayehesabiwa. Ulianzia Uskoti, na mawe ya mashindano makubwa hadi leo hutoka kisiwa kidogo cha huko kiitwacho Ailsa Craig. Huku Kanada kila mji mdogo una ukumbi wake. Kila mkoa unafanya mashindano yake, bingwa wa mkoa anakwenda taifa, na yale ya wanaume, yaitwayo Brier, yamekuwepo tangu 1927.

Sasa ya refa, maana ndiyo yaliyonishangaza zaidi nilipofika. Kwenye mashindano ya klabu hakuna refa anayesimama juu ya mchezo. Ufagio wako ukigusa jiwe linalotembea, unasema mwenyewe, kwa sauti, hata kama hakuna aliyekuona. Nimewahi kumwona mzee akijitaja kwenye jiwe ambalo lingempa ushindi. Hakuna aliyempigia makofi, wala hawakuona ajabu, walisogeza mawe wakaendelea. Na kwenye kuhesabu, watu hawaendi wote kwenye miduara kubishana. Kila timu ina naibu wa nahodha, hao wawili peke yao ndio huingia, wanatazama, wanakubaliana. Wasipokubaliana, hapo ndipo kipimo huletwa. Wengine wote wanasubiri nje.

Hilo naliona linafaa barazani kwetu sawasawa. Kila mchezaji aje na mtu wake mmoja. Hao wawili wakae pembeni mwa bao, na wao tu ndio wenye haki ya kusema nyumba imelala au haikulala. Mtazamaji akitia mdomo, aombwe asogee. Wakishindwa kuelewana ndio aitwe mwamuzi, awe mzee asiyecheza na asiyetoka mtaa wa yeyote kati ya wawili hao. Ukiwa na wazee watatu kutoka pande tofauti za mji, daima mmoja wao atakuwa huru.

Ratiba. Sema kila kaunti ndogo ilete wachezaji wawili, waliopatikana kwa mchujo wao wenyewe huko kwao. Hao ni kumi na wawili. Wagawe makundi mawili ya sita, wale wa sehemu moja usiwaweke kundi moja. Ndani ya kundi kila mtu acheze na kila mtu, yaani michezo mitano kwa kila mmoja. Ukiwa na mabao sita, wote kumi na wawili wanacheza kwa pamoja, kwa hivyo raundi tano zinamaliza makundi Jumamosi. Mzee wako wa Likoni angefungwa ule wa kwanza akiwa anahema, angekuwa bado ana minne ya kujikomboa.

Jumapili wabaki wanne, wawili wa juu kila kundi, na hapa nakuomba usifanye nusu fainali za kawaida. Huku wana mpango ninaoupenda sana. Wa kwanza wa kundi hili anacheza na wa kwanza wa kundi lile, anayeshinda anaingia fainali moja kwa moja. Wale wa pili wanacheza wao kwa wao, anayefungwa ndiye wa nne. Kisha aliyefungwa ule mchezo wa vinara anakutana na aliyeshinda ule wa wa pili, mshindi hapo ndiye mtu wa pili wa fainali. Faida yake ni kwamba aliyefanya vizuri Jumamosi nzima ana akiba, akiteleza mara moja Jumapili bado hajatoka. Na jumla ni michezo minne tu, fainali ikiwemo.

Wakati nao uwekeeni mpaka. Kwenye kelingi ya kimataifa kila timu hupewa dakika 38 za kufikiri kwa mchezo wa duru kumi (mawe yote yakiisha kurushwa, hiyo ni duru moja), na saa huhesabu pale unapofikiri tu. Jiwe likifika mstari unaopita katikati ya miduara ya upande unaorushia, saa yako inasimama. Nyinyi tumieni simu yenye programu ya saa ya sataranji, dakika ishirini kila mtu. Hapo raundi haivuki saa moja hata fundi awe mzito wa kufikiri namna gani.

Nafasi: kuna jambo la kwao ambalo huenda likakusaidia. Mikoa ndiyo hupeleka timu taifa, lakini Ontario ya Kaskazini ina timu yake mbali na Ontario. Kwa hivyo Mvita kupewa nafasi mara mbili, Mji wa Kale mbali na Majengo mbali, si jambo la kuonea aibu.

Wanawake: wanaume na wanawake waliingia wote kwenye kelingi ya Olimpiki ya 1998, kila upande na mashindano yake. Tangu 2018 kuna pia mchezo wa wawili, mwanamke na mwanamume timu moja. Lakini kule kuna kilo za kusukuma na barafu ya kufagia. Kwenye bao kuna kete na akili. Sioni sababu ya kuwatenga.

Na desturi moja nakuomba uichukue nzima nzima. Mchezo ukiisha, wote wanane hukaa meza moja, na walioshinda ndio huwanunulia walioshindwa kinywaji. Mimi ndiye ninayewapelekea sahani, naona nyuso. Mtu aliyeingia amenuna anatoka anacheka. Kwetu iwe kahawa chungu na kashata, na mshindi ndiye alipe.

Kijana wa Chaani

Kaka wa Winnipeg umeeleza vizuri, ila hapo kwenye Ontario nakupinga. Mvita ndiko mashindano yanakofanyika, ndiko kamati iliko, ndiko wachezaji hawapandi matatu. Ukiwapa nafasi mara mbili, sisi wa Changamwe na wenzetu wa Jomvu tutasema tumeitwa kuwa wageni kwenye harusi ya watu. Mafundi wa Mji wa Kale na wa Majengo watoane wenyewe huko huko. Wakibaki wawili, hao wawili watakuwa wakali zaidi.

Kuhusu kujitaja mwenyewe bila refa, moyo wangu unalikubali lakini nina shaka, na shaka yangu ni zawadi. Mkiweka kikombe na cheti, watu watajitaja. Mkiweka pikipiki au pesa za mfadhili fulani anayetafuta kura, mtu atatazama watoto wake nyumbani na kete aliyoiangusha shimo lisilo lake hataitaja. Nimeona mpira wa mtaani ukiharibika hivyo. Timu zilikuwa zikicheza kwa jezi na soda, raha tupu. Zikaja pesa, wakaletwa wachezaji wa kukodi kutoka mbali, wenyeji wakakaa benchi. Dada, kama mnataka mpango huu ufaulu, amueni zawadi kabla ya kuamua refa.

Mzaliwa wa Majengo

Ndugu wa Chaani, la zawadi umesema kweli na sikulitaja. Kwenye mashindano makubwa huku waamuzi wapo, wana vipimo na saa. Lakini hata hapo mchezaji aliyegusa jiwe anatarajiwa ajitaje mwenyewe, kwa sababu amelelewa hivyo tangu klabu ya mtaani kwao. Ndiyo maana nataka lianze kwa udogo, na zawadi ndogo, wazoee.

La Ontario nakuachia. Wewe uko karibu na watu kuliko mimi.

Baharia wa Mtongwe

Mimi ni wa ng'ambo ya feri, na namshukuru dada kwa kumkumbuka yule mzee. Sisi wa Likoni tunaonekana wachelewaji kwa kila jambo, na hakuna anayeuliza tuliamka saa ngapi. Mtembea kwa miguu halipi kitu kwenye feri, lakini hakuna anayeweza kukuahidi utavuka saa ngapi. Kwa hivyo tafadhali raundi ya kwanza isiwe kabla ya saa tatu asubuhi. Na mtu akichelewa, msimwondoe. Wekeni bao, anzisheni saa yake. Akifika zimebaki dakika kumi na mbili, acheze na hizo kumi na mbili. Hiyo ni haki kwa aliyemsubiri na haki kwake pia.

La pili ni jua. Watu hudhani bao ni mchezo wa kukaa tu, joto halihusu. Mwaka 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa kwetu, Machi 24, kwenye uwanja wa gofu. Nilikuwa kandokando ya njia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, aliacha njiani. Joto na unyevu wa hapa uliwaangusha wengi siku ile, na Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye akashinda. Ikiwa watu wa namna ile walizidiwa, usimweke mzee wa miaka sabini chini ya turubai la plastiki saa saba mchana umwambie afikirie mtaji. Tafuteni baraza yenye makuti au ukumbi wenye madirisha pande mbili upepo upite. Na raundi tano mfululizo ni nyingi. Chezeni tatu mpaka adhuhuri, watu waswali, wale, walale kidogo, kisha mbili baada ya alasiri.

Nikiongeza moja: mwamuzi wa Likoni mtamhitaji. Yupo mzee wa Timbwani ambaye hachezi tena kwa sababu ya macho ya mbali, ila ya karibu anaona, na akisema neno hakuna kijana anayelirudia.

Binti wa Kibokoni

Sijui niwashukuru vipi. Nimeyasoma yote kwa kamati jana usiku na tulikaa mpaka kahawa ikaisha.

Tulivyoamua: wachezaji kumi na wawili, wawili kila kaunti ndogo, na Mvita haiongezwi. Ndugu wa Chaani, hoja yako ndiyo iliyotushinda, kwani hata wa Majengo waliokuwemo walikubali. Makundi mawili, kila mtu michezo mitano, kisha ule mpango wa vinara Jumapili. Raundi tatu kabla ya adhuhuri na mbili baada ya alasiri, na asiyefika saa yake inatembea.

Kanuni ya nyumba tumechukua ile ya Mzee wa Kuze, vidole vikigusa umeondoka, na itaandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Kila mchezaji na mtu wake mmoja pembeni. Watazamaji tutawawekea kamba, ili wasiweze kunong'onezana na mchezaji.

Zawadi ilituchukua muda mrefu kuliko yote. Kuna mtu alishajitolea fedha, na ilibidi tumrudie tumwambie atununulie mabao ya mitaa badala yake, ili kila kaunti ndogo irudi kwao na bao moja jipya la kufundishia watoto. Hakufurahi sana, lakini amekubali. Mshindi atapata kikombe, na atalipa kahawa.

Wanawake wanacheza pamoja na wanaume. Kura zilikuwa karibu sana, na wale wenzangu wawili sidhani wamelala nazo vizuri. Mimi nitaingia mchujo wa Mvita kama mtu yeyote, na kwa sababu hiyo nimejitoa kwenye kupanga kura za makundi. Kazi hiyo ataifanya mtu wa Jomvu.

Kilichobaki ni mabao yenyewe. Yale ya mfadhili hayatakuwa tayari wakati huo, seremala anataka muda akaushe mbao vizuri, na mimi sitaki bao bichi lipasuke. Tunayo manne. Tunahitaji mawili zaidi kwa siku mbili, na kete zake. Nani anaweza kuazima?

Kijana wa Chaani

Moja nitaleta mimi. Ni la babu, la mninga, zito, litataka watu wawili kulishusha kwenye matatu. Kete zake ni komwe ila zimepungua, ziko hamsini na nane. Nikikosa nyingine huku nitakuja nazo hivyo hivyo.

Mzee wa Kuze

Njoo nazo. Komwe sita za kujazia ninazo mimi, za umbo lile lile, nitakuchagulia. Na bao la sita ni langu, lakini mwambie mtu yeyote asiweke kikombe cha kahawa juu yake.